Ngwe ya Barabarani

Kwa miaka kadhaa nilikuwa namlipa mama yangu mshahara bila kujua. Mimi naendesha bodaboda, kijiwe changu kipo Mkumbara, pale barabara kuu ya Tanga kwenda Moshi inapotupitia. Mama alikuwa anafyeka nyasi kandokando ya barabara hiyohiyo. Abiria mmoja niliyempeleka Mombo, mtu aliyependa kueleza mambo kwa sauti kubwa akiwa nyuma ya pikipiki, ndiye aliyenifungua macho. Alisema katika kila lita ya petroli kuna tozo, na tozo hiyo huenda kwenye mfuko wa kutunza barabara, na mfuko huo ndio unaowalipa wakandarasi wanaowalipa akina mama wenye mafyekeo. Nilimshusha nikiwa na mawazo.

Jioni nilipita kwa mama. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, fyekeo mapajani, tupa mkononi, ananoa. Kila jioni ilikuwa hivyo. Sauti ile ya tupa kwenye chuma niliikuta udogoni na ikaendelea mpaka nikawa na watoto wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Bado. Mama, kumbe mimi ndiye ninayekulipa mshahara." Nikamweleza habari ya tozo kama nilivyoelezwa.

Alisikiliza mpaka mwisho, akajaribu makali kwa kidole gumba. "Basi niongeze," akasema. "Na wewe bosi gani unayekuja kula ugali kwa kibarua wako?"

Tukacheka, nikala. Lakini tangu siku ile sikuitazama tena pampu ya mafuta kwa macho yaleyale. Bei ikipanda nilinung'unika kama wenzangu wote kijiweni, maana sisi ndio wa kwanza kuumia; abiria hataki kusikia habari ya pampu, anataka nauli ya jana. Ila moyoni nilikuwa na upande wa pili wa hesabu ambao wenzangu hawakuwa nao. Nilijua kipande kimoja cha maumivu yangu kinakwenda wapi.

Siku ya kusomwa bajeti, mwezi Juni, kijiwe kizima huwa kinasikiliza redio ya fundi cherehani. Kila mtu anasikiliza lake. Wa duka anasubiri sigara na soda, sisi tunasubiri mafuta na ada za pikipiki, mzee mmoja mvutaji anasubiri tumbaku na kulaani mapema. Likishasomwa lako unaondoka, hotuba inabaki ikiendelea peke yake. Mama alikuwa mtu pekee niliyemjua aliyesubiri barabara. Alisimama pembeni na beseni lake kichwani, na neno "matengenezo ya barabara" lilipotajwa aliitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Ili ieleweke kwa nini alijali hivyo, inabidi niseme alikotoka. Mama alizaliwa kambini, kwenye nyumba za mstari zilizojengwa kwa ajili ya vibarua wa shamba la mkonge upande wa Korogwe. Baba yake alikuja kukata mkonge akiwa kijana, kutoka mbali kiasi kwamba hata jina la kijiji chake hatukuwahi kulipata sawasawa. Kambini walikuwapo watu wa dini zote mbili na makabila yasiyohesabika, na Kiswahili ndicho kilichowasikilizanisha. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni ardhi. Wazigua wana mashamba yao Handeni, Wasambaa wana migomba yao mlimani; sisi wa kambini tuna mikono. Sisemi hivi kwa kulalamika. Ndivyo tulivyo.

Na mikono hiyo ilifundishwa kwa namna yake. Kwenye mkonge mtu hakupimiwa saa, alipimiwa ngwe, yaani kipande chake cha kazi cha siku hiyo. Ukikimaliza, siku yako imekwisha na ujira wako umetimia, hata kama jua halijafika utosini. Kwa hiyo watu walianza alfajiri na kuchapa kazi mfululizo. Aliyemaliza saa nne alikuwa huru saa nne. Kwa mama, mvivu hakuwa mtu aliyekaa kivulini. Mvivu alikuwa mtu ambaye mpaka saa nane bado ameinama. Aliwasema watu wa aina hiyo kwa huruma kidogo, kama wagonjwa.

Kulikuwa na desturi nyingine. Ukimaliza ngwe yako humwachi mwenzako aliyechelewa. Unakwenda mwisho wa ngwe yake na kuanza kukata ukija kumkabili, mpaka mkutane. Waliita kumpokea mtu. Mama alinisimulia kwamba hakuna sura nzuri aliyowahi kuiona kuliko ya mtu aliyechoka anayeinua kichwa na kukuta ameshapokelewa.

Baba alifariki nikiwa nimeshaoa. Shamba lilikuwa limepunguza watu zamani, na sisi tulikuwa tumehamia Mkumbara, yeye akiuza mkaa na mama akiuza chochote kilichouzika. Baada ya msiba, dada yangu alitaka kumchukua mama. Dada ameolewa Kwaluguru, Handeni, kwa Mzigua mkulima, mtu mpole mwenye shamba kubwa la mahindi. Nyumba wanayo, chakula wanacho, na nia yao ilikuwa njema kabisa. Mama alikataa.

"Kwa mkwe siendi kuishi," alisema. "Nitakula nimeinamisha kichwa."

Kwangu mimi pia alikataa. Nilikuwa na vyumba viwili vya kupanga, mke na watoto, na angeweza kubanana nasi. Alisema anayejiweza habananishwi. Alipanga chumba chake mwenyewe nyuma ya soko, na kilichompa uwezo wa kukipanga ni kufyeka barabara. Kazi ile ilipokuwapo, mama alikuwa mtu mwenye mlango wake. Isipokuwapo, angekwenda Kwaluguru. Mambo yalikuwa mepesi hivyo, na sote tulijua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mkandarasi mdogo aliyepewa kipande cha barabara kukisafisha: kufyeka nyasi, kuzibua mitaro, kuokota takataka. Aliajiri akina mama wa hapo kwa siku. Msimamizi wake alikuwa kijana wa Kisambaa kutoka Lutindi, mwenye adabu na buti mpya. Siku ya kwanza aliwaambia kazi inaanza saa moja na nusu na kwisha saa tisa, wafyeke wote pamoja kwa mstari. Wale akina mama wakatazamana. Zaidi ya nusu yao walikuwa watoto au wajukuu wa kambi za mkonge.

"Hapana, baba," mama alimwambia. "Tupimie ngwe."

Kijana hakuelewa. Wakamweleza. Akaona ni jambo la maana, maana lilimpunguzia kazi ya kuwasimamia. Akawa anapima kipande cha siku kwa hatua, kila mtu na chake, anaweka jiwe. Walianza giza halijaondoka vizuri. Saa nne, ikizidi sana saa tano kasoro, barabara ilikuwa imekwisha, waliochelewa wamepokelewa, na wote wako chini ya kibanda cha chai wakicheka. Kisha kila mtu akaenda kwenye shughuli yake: huyu kukaanga maandazi, yule kuchota maji, mwingine kulala. Jirani yake mama, ambaye mimi humwita mama mdogo ingawa hatuna undugu, alikuwa na mjukuu mdogo aliyeachiwa na binti aliyekwenda kutafuta maisha. Kazi ile ilimfaa kuliko zote duniani kwa sababu ilimrudisha nyumbani mtoto akiwa ndiyo kwanza ameamka. Yeye ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote, na mama ndiye aliyempokea karibu kila siku.

Nilipenda kupita pale asubuhi. Nilikuwa nikipiga honi kidogo, na wao wanainua mafyekeo bila kusimama. Sijawahi kuona watu wanaofurahia kazi ya kibarua kiasi kile, na nakiri nilijivunia kuwa tozo yangu imo humo.

Kuelekea mwisho wa mwaka wa serikali, huo unaofungwa Juni, lilikuja gari jeupe la wakaguzi. Lilipita kwenye saa tano. Mhandisi aliyekuwamo alitaka kuwaona wafyekaji na hakukuta mtu barabarani. Barabara ilikuwa safi pande zote mbili. Gari likasimama kwenye kibanda cha chai, akashuka, akauliza vibarua wako wapi.

"Ni sisi hapa, baba," mama alisema, akasimama. "Tumeshamaliza. Twende ukakague."

Akamtembeza. Mimi sikuwapo, ila nilisimuliwa jinsi mama alivyokwenda mbele akionyesha kwa fyekeo, huku mitaro, huku vichaka, huku kwenye kalavati ambako wengine huwa wanaruka. Yule mhandisi alikuwa muungwana. Alimpa mkono. Alisema hongereni sana, hajaona kikundi kinachofanya kazi haraka na safi namna hii. Mama alirudia maneno hayo juma zima. Aliyasema kwangu, kwa mke wangu, kwa muuza mboga, na kwa dada yangu kwenye simu kwa sauti iliyotosha kufika Handeni bila simu.

Bajeti ikasomwa. Tozo ya mafuta ikaongezwa. Kijiweni ilikuwa matusi matupu siku hiyo, na mimi nilitukana na wengine, kisha nikaenda kwa mama.

"Wameongeza," nikamwambia.

"Nimesikia. Pole, baba." Alikuwa ananoa. "Lakini zikiongezwa huko kwako, huku kwangu kazi itakuwepo."

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Mimi mwenyewe ningeweka hivyohivyo.

Mtu asiyetegemea fedha ya serikali anaweza kudhani mwaka unaanza Januari. Kwetu mwaka unaanza Julai, na unaanza kwa kutokuanza. Mikataba ya zamani imekwisha, mipya haijasainiwa, na neno linalotembea kijijini ni kwamba fungu la fedha halijashuka. Fundi wa kujenga madarasa anasubiri fungu, muuza kokoto anamsubiri fundi, mama lishe anamsubiri muuza kokoto. Hata abiria wangu wanapungua, maana mtu asiye na pa kwenda hapandi bodaboda. Mvua huwa zina majira yake na mtu anaweza kutazama mawingu. Fungu halina mawingu.

Mama alikaa Julai, akakaa Agosti. Alifagia uwanja wa nyuma ya soko ambao si wake. Akafyeka njia ya kwenda msikitini, kisha ya kwenda kanisani. Mwenye nyumba alianza kupita mara kwa mara kumjulia hali, na sote tulijua ni hali gani anayoijulia. Septemba dada alipiga simu, safari hii hakuomba. Alisema mama aje apumzike angalau mpaka kazi irudi. Mama akaniambia nimpeleke.

Tuliondoka asubuhi. Tukapita Korogwe, tukashika njia ya Handeni, yeye nyuma yangu na begi lake katikati, fyekeo limefungwa kwa gunia. Nilihuzunika njia nzima.

Nilirudi kumtazama baada ya majuma kadhaa. Shemeji alinipokea vizuri. Mama alikuwa kwenye kiti cha mbao chenye mto, upande wa kivuli, amevaa kitenge kipya. Watoto wa dada wakimwona ameshika kitu wanamnyang'anya: bibi, lete tukusaidie. Akitaka kwenda shamba dada anasema mama, wewe kaa, umeteseka vya kutosha. Walimpenda kwelikweli, na mtu angeweza kuona kwamba anadhoofika kwa kupendwa huko. Amekonda mikono.

"Humu ndani nafanya kazi moja tu," aliniambia dada alipoingia jikoni. Akafungua kanga, akanionyesha tupa yake. Alikuwa amenoa majembe yote ya mkwe wake, kisha mapanga, kisha ya majirani. Watu wa Kwaluguru walikuwa wakimletea vyuma kutoka mbali, wakidhani anawafanyia hisani. "Vikiisha vya kunoa sijui nitafanya nini," alisema, na nilimwona macho yake yamelowa. Mama yangu si mtu wa kulia.

Vuli ilikuwa imeshaanza, na nyasi za Mkumbara zimefika kiunoni, mbuzi wanatokea barabarani ghafla mpaka madereva wanatukana, ndipo habari zikaja kwamba fungu limeshuka. Mkandarasi ni yuleyule, msimamizi yuleyule. Nilitia mafuta, kwa bei ile mpya, nikaenda Kwaluguru kumchukua. Alikuwa amefunga begi kabla sijamaliza kusalimia. Dada alilia kidogo, akatupatia debe la mahindi, akasema chumba kipo.

Mkutano ulifanyika chini ya paa la soko. Nilikuwapo kwa sababu nilimpeleka mama na sikuwa na abiria. Walikuja wote, wamevaa kama wa sikukuu. Yule kijana wa Lutindi alisimama mbele yao, buti zake sasa zimechakaa, na nilijua kuna jambo kwa jinsi alivyotusalimia mara mbili.

"Mama zangu, kipande ni kilekile," alisema. "Ila safari hii tunachukua nusu."

"Nusu ya barabara?" mtu akauliza.

"Nusu ya watu."

Mama mdogo alimhamisha mjukuu kutoka bega moja kwenda jingine. Kisha mama akasimama.

"Mwanangu, mafuta yamepanda ili barabara zipate fedha. Kijana wangu huyu analipa kila siku. Sasa fedha zimeongezeka, watu wanapungua vipi?"

"Fedha zimeongezeka, mama, ni kweli. Zilizoongezeka zinakwenda kwenye lami, kuziba mashimo. Ile ni kazi ya mitambo. Kwenye kufyeka..." Akakuna shingo. Hakuwa mtu mbaya na hakuwa na uzoefu wa kusema mambo mabaya. "Kwenye kufyeka, waliokuja kukagua walisema kazi inakwisha saa nne. Siku ya mtu ni mpaka saa tisa. Wakaona basi hiyo kazi ni ya nusu ya watu."

Nilimtazama mama. Alikuwa bado amesimama, na nilimwona akirudi nyuma kichwani, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kalavati alikompeleka mhandisi kwa fahari.

"Kwa hiyo tungechelewa tungebaki wote?"

"Mimi sijasema hivyo, mama."

"Hujasema."

Akakaa. Nilikasirika sana, na hasira ilikuwa haina pa kwenda. Mhandisi alipongeza kweli, msimamizi alisema kweli, na aliyepiga hesabu huko juu hakukosea kujumlisha wala kutoa. Alichukua saa alizoziona akazigawa kwa saa anazolipa. Hakuna aliyemweleza kuwa zile saa za baada ya saa nne zilikuwa ndiyo malipo yenyewe.

Kijana akasema wote waanze kesho, na mwisho wa juma atajua wa kubaki nao. Hakutakuwa na ngwe tena. Watafyeka kwa mstari mpaka saa tisa kamili, na atakayeondoka kabla asirudi.

Jioni ile nilimwambia mama afanye kazi polepole. Alinitazama kama niliyemwambia atembee kinyumenyume.

"Polepole ndiyo vipi?"

"Ukikata, simama kidogo. Tazama. Kisha kata tena."

"Nitazame nini?"

Tulikaa, yeye akinoa, na mimi nikihesabu kichwani ni lini nitaombwa tena kumpeleka Handeni.

Siku ya kwanza walifanya kama walivyoumbwa. Walitawanyika wenyewe, kila mtu akaona kipande chake bila jiwe, na saa nne na nusu wakawa wameshapokeana wote. Ikabaki kukaa. Kijana akaja, akawaona wamekaa, akapiga magoti karibu na mama, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, gari likipita likakuta mmekaa, nitasema nini?" Kwa hiyo wakasimama. Wakasimama juani mpaka saa tisa, kwenye barabara iliyokwisha kufyekwa, mafyekeo mkononi.

Siku ya pili mama mdogo alisimama mpaka saa sita. Mjukuu alikuwa ameachwa kwa muuza mboga, ambaye alituma mtu kusema mtoto amelia mpaka amepoteza sauti. Mama mdogo akaangalia upande wa saa tisa, kama vile ipo mahali barabarani, kisha akafunga kanga na kuondoka. Ngwe yake haikuwapo, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kumpokea. Mama alimtazama akienda. Hakuthubutu kumfuata, na aliniambia mwenyewe kwamba hakuthubutu.

Mwisho wa juma nusu ilipatikana bila kuchagua. Waliobaki ni wale wasio na mtu wa kumrudia mchana. Mama alikuwamo. Mama mdogo sasa anapasua kokoto nyumbani, mtoto akicheza kando, na anauza kwa ndoo fungu likishuka. Hawajagombana na mama. Wanasalimiana asubuhi mmoja akielekea barabarani na mwingine kwenye mawe yake, na salamu zao zimekuwa fupi.

Mwezi wa tatu wa mkataba nilimpakia abiria aliyetoka kwenye mambo ya ofisi Korogwe, mtu mwenye mkoba na viatu vinavyong'aa. Ilikuwa saa nane, jua kali. Tulipokaribia kijijini nikaona kundi lao mbele, wamejipanga kwa mstari kando ya lami. Nyasi hapo zilikuwa zimeshakatwa; chini palikuwa pekundu. Mama alikuwa wa mwisho upande wetu. Aliposikia mlio wa pikipiki aliinama, akainua fyekeo, akalishusha kwenye udongo. Akainua tena, akashusha. Vumbi dogo likaruka. Alikuwa anafanya taratibu kabisa, anasimama kidogo, anatazama, anashusha. Alikuwa amejifunza.

"Hawa akina mama wanachapa kazi," abiria wangu akasema nyuma. "Saa nane hii, bado wapo tu. Hapa kodi yetu naiona."

Nilipiga honi kidogo, kwa mazoea. Mama hakuinua fyekeo wala kichwa.

Jioni nilipita kwake. Chumba kilikuwa chake, kimelipiwa, kimefagiliwa, mlango uko wazi. Ugali ulikuwa tayari. Tukala, akaniuliza habari za watoto, nikamuuliza mgongo. Nilihisi kuna kitu kimepungua pale na nilichukua muda kujua ni nini. Fyekeo lilikuwa limesimamishwa pembeni ya mlango. Nilinyoosha mkono nikagusa makali yake. Yalikuwa butu kama kijiko. Tupa ilikuwa juu ya rafu, nyuma ya kikombe, imeanza kushika kutu.

"Mama, nikunolee?"

"Liache," alisema, akikusanya vyombo. "Likiwa kali linamaliza mapema."